Tisa kwenye kompyuta, nne kwenye PS4: kisa cha Cyberpunk 2077

Wiki moja kabla ya Krismasi ya 2020 mpwa wangu alinipigia simu usiku, saa nne zimeshapita. "Shikamoo anko. Hivi hii gemu ndivyo ilivyo au nimepigwa?" Nikamuuliza ina nini. "Watu hawana sura. Unamwona mtu kwa mbali ana kichwa kama kiazi, unamsogelea, unasubiri, ndiyo pua inatokea. Nimeendesha gari mpaka katikati ya mji, barabara tupu kama asubuhi ya Idi, halafu magari yakaota tu mbele yangu." PS4 yake, ile konsoli ya Sony ya kuchezea gemu, nilikuwa naisikia kwenye simu, inavuma kama mashine ya kukoboa. Tukiwa bado tunaongea ikakata. Ukaja ule ukurasa wa bluu wenye maandishi CE-34878-0, ambao kila mwenye PS4 anaujua: programu imekufa, anza upya.

Gemu yenyewe ilikuwa Cyberpunk 2077, iliyotoka tarehe 10 Desemba. Aliinunua Kariakoo kwa laki na sitini, diski mbili ndani ya kasha lenye jalada la njano: moja ya kupakia, ya pili ya kubaki kwenye mashine wakati wa kucheza. Risiti ilikuwa na ule mstari tunaoujua wote, mali ikishauzwa hairudishwi.

Na aliyemwambia anunue ni mimi. Siku tatu kabla haijatoka nilikuwa nimesoma uhakiki tano au sita, zote zinasifu, na nilipoulizwa nikajibu kwa kifupi: "IGN wameipa tisa." Sikudanganya. IGN, tovuti kubwa ya uhakiki wa gemu, waliipa 9 kati ya 10. Siku chache baadaye IGN hao hao wakaipa 4, gemu hiyo hiyo, jina hilo hilo. Tangu siku ile nimekuwa nikijaribu kuelewa namna zote mbili zilivyokuwa kweli, na kwa nini mimi niliibeba ile ya kwanza bila kujiuliza ni ya nani.

Ilivyosifiwa kabla haijazaliwa

CD Projekt ilianza Warsaw mwaka 1994. Marcin Iwiński na Michał Kiciński walikuwa vijana wa Poland waliouza gemu za watu wengine kwenye CD. Baadaye wakaanza kutengeneza zao, na mwezi Mei 2015 wakatoa The Witcher 3, ambayo hadi leo ukiwauliza wachezaji gemu kumi bora za muongo ule, wengi wataitia humo. Sifa yao haikuwa ya gemu peke yake. Walionekana kampuni inayomheshimu mnunuzi: nyongeza ndogondogo walizitoa bure, na walijitangaza kuwa wao si kama yale makampuni makubwa yenye tamaa. Wahenga walishasema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Sidhani kama kuna gemu iliyowahi kuufaa msemo huo kuliko hii.

Cyberpunk 2077 ilitangazwa Mei 2012. Trela ya kwanza ikaja Januari 2013, kisha kimya cha miaka. Juni 2018, kwenye maonyesho ya gemu ya E3 kule Los Angeles, waandishi waliingizwa chumbani, milango ikafungwa, wakaonyeshwa karibu dakika 48 za gemu ikichezwa. Walitoka wakiwa wamepagawa. Umma ulionyeshwa kipande kile kile mwezi Agosti. Juni 2019 mwigizaji Keanu Reeves akapanda jukwaani kutangaza kwamba naye yumo, na tarehe ikatajwa: 16 Aprili 2020.

Januari 2021, mambo yakiwa yameshaharibika, mwandishi Jason Schreier wa Bloomberg aliripoti kutoka kwa watu waliofanya kazi pale kwamba onyesho lile la 2018 lilikuwa karibu lote la kutengenezwa kwa ajili ya maonyesho tu, mifumo mingi ya gemu ikiwa haijajengwa bado. Adam Badowski, mkuu wa studio, akapinga: onyesho la miaka miwili kabla ya gemu kutoka ni picha ya kinachotarajiwa, si uongo. Mimi hapo namwelewa kwa nusu. Fundi anayekuonyesha mchoro wa kabati hajakudanganya. Ila wale waliotoka chumbani hawakuandika "nimeona mchoro". Waliandika kana kwamba wamelifungua kabati na kuhesabu rafu.

Tarehe ikasogezwa. Kutoka 16 Aprili ikaenda 17 Septemba, kisha 19 Novemba. Tarehe 5 Oktoba wakatangaza kuwa kazi imekamilika, diski kuu ziko tayari kwenda kiwandani, jambo ambalo kwenye biashara hii lina maana kwamba hakuna kurudi nyuma. Tarehe 27 Oktoba wakarudi nyuma: 10 Desemba. Maelezo yao yalikuwa kwamba wanaandaa matoleo mengi kwa wakati mmoja, ya kompyuta, ya konsoli za zamani na ya zile mpya zilizokuwa zikitoka Novemba hiyo. Ukiyasoma leo, jibu lote lilikuwa mle ndani. Novemba hiyo hiyo Adam Kiciński, mmoja wa wakurugenzi wakuu, aliwaambia wawekezaji kwamba kwenye PS4 na Xbox One za kawaida gemu inakwenda vizuri kwa kiwango cha kushangaza.

Gunia na mbuzi

Namna kazi ya uhakiki inavyokwenda ni hii. Kampuni inampa mhakiki nakala kabla ya siku ya kutoka, naye anakubali kutochapisha chochote mpaka saa fulani ya siku fulani. Utaratibu huo wenyewe hauna ubaya. Unamwokoa mhakiki na mbio za kuchapisha akiwa amecheza saa mbili, na msomaji anapata maandishi ya mtu aliyefika mwisho. Shida inakuja kwenye masharti yanayofungwa pamoja na nakala.

Kwa Cyberpunk 2077, saa ya kuchapisha ilikuwa 7 Desemba. Nakala zilizotolewa zilikuwa za kompyuta tu. Hakuna mhakiki aliyepewa ya PS4, wala ya Xbox One. Na kwa wale waliopewa, uhakiki wao wa siku hiyo haukuruhusiwa kutumia video waliyorekodi wenyewe. Walipaswa kutumia vipande vilivyoandaliwa na kampuni. Kwa hiyo mhakiki angeweza kusema "nimeona miti inapita katikati ya dari la gari", lakini picha inayopita chini ya maneno yake ni ya gari safi, taa za neoni, mvua inang'aa juu ya lami. Jicho na sikio vikigombana, jicho ndilo linaloshinda.

Kwa Kiswahili hiki kinaitwa kuuziwa mbuzi kwenye gunia. Tofauti ni kwamba safari hii kulikuwa na watu tuliowaamini waliotangulia kulifungua gunia. Walilifungua la kompyuta, wakamkuta mbuzi kweli, mnono. Gunia la pili, la konsoli, lilikuwa limefungwa pembeni, na lilikuwa na bei ile ile.

Tuwe wa haki: wengi waliandika wazi kwamba wamecheza toleo la kompyuta. Nimerudi kusoma zile nilizozisoma wakati ule, na sentensi hiyo imo, mara nyingine mwishoni kabisa, mara nyingine kwenye kisanduku kidogo pembeni. Mimi ndiye niliyeipita. Lakini tuseme ukweli, nani anabeba kisanduku? Namba 9 inapigiwa simu, inatumwa WhatsApp, inabandikwa kwenye tangazo, inajumlishwa na namba nyingine huko Metacritic na kuwa wastani wa takriban 90. Kisanduku hakisafiri. Kinabaki kwenye ukurasa kama mzee aliyeachwa kituoni.

Na hapa ndipo ninapowalaumu wahakiki, wala si kwenye ile tisa. Walijua hawakupewa nakala ya konsoli. Walijua kwamba kampuni ikiwa na kitu kizuri haikifichi. Kati ya watu milioni 8 waliolipia kabla ya siku ya kutoka, karibu asilimia 41 walikuwa wa konsoli, yaani zaidi ya milioni 3. Kwa watu hao habari kubwa kuliko zote ilikuwa moja: hakuna mtu huru aliyeigusa gemu yenu. Hiyo ilistahili kuwa kichwa cha habari, na ikafanywa kuwa tanbihi.

Kwa nini pua ilichelewa

Niliporudi kuongea na mpwa wangu kesho yake alitaka kujua kama PS4 yake ni mbovu. Haikuwa mbovu. Ilikuwa ya zamani tu.

PS4 ilitoka Novemba 2013. Ndani ina kumbukumbu ya gigabaiti 8, prosesa ya AMD ya aina ya Jaguar ambayo hata siku inazaliwa haikuwa na nguvu kubwa, na diski ngumu ya kuzunguka, ile ya sahani na sindano. Mji wa Night City ndani ya gemu hii hauingii wote kwenye kumbukumbu. Mashine inausoma kipande kwa kipande kadiri unavyosogea: mtaa ulio mbele unasomwa, ulio nyuma unatupwa. Ukitembea kwa miguu, diski inaweza kukufuata. Ukipanda gari na kukanyaga mafuta, unaipita. Unafika mtaani kabla mtaa haujafika. Ndiyo maana barabara tupu, ndiyo maana magari yanaota, ndiyo maana uso wa mtu ni kiazi mpaka pua isomwe kutoka kwenye sahani na kuletwa. Wakati huo prosesa nayo inalemewa, fremu, yaani picha zinazounda mwendo, zinashuka chini ya 20 kwa sekunde, na mkono unahisi padi imekuwa nzito.

Mhakiki wa 7 Desemba alikuwa kwenye kompyuta ya kazi, ambayo mara nyingi ina kadi ya michoro ya bei ya pikipiki na diski ya SSD isiyo na kitu kinachozunguka. Kwake pua ilikuwepo tangu mwanzo. Naye aliona makosa, na akayaandika: watu waliosimama wamenyoosha mikono kama misalaba, simu zinazoelea hewani, polisi wanaotokea mgongoni kwako kana kwamba wameanguka kutoka mbinguni. Ila yalikuwa makosa ndani ya gemu, ya kucheka na kuendelea. Kwenye PS4, makosa ndiyo yalikuwa gemu.

Januari 2021 Iwiński alitoka kwenye video akiwa amesimama peke yake, akaeleza kwa utulivu jambo ambalo watu wa ufundi walikuwa wameshalikisia. Waliamua kuijenga gemu ipendeze kwenye kompyuta kwanza, kisha waishushe kwenye konsoli, na mfumo ule wa kuusoma mji kutoka kwenye diski ukawashinda kuliko walivyodhani. Alisema uamuzi ulikuwa wa bodi, si wa wafanyakazi. Pia alisema vipimo vyao havikuonyesha sehemu kubwa ya matatizo ambayo wachezaji waliyakuta. Hili la mwisho nimeshindwa kulimeza. Mpwa wangu aliyaona yote kabla hajamaliza soda.

Waliosema mapema

Si kila mtu alitoa tisa. GameSpot walitoa 7. Mhakiki wao alisifu visa vya pembeni na wahusika wake, akalalamikia mji mkubwa ambao kwa maoni yake umejaa vitu bila sababu ya kuwepo, na akataja wingi wa makosa ya kiufundi. Saba kati ya kumi, kwa lugha ya shule, ni B nzuri. Kilichomkuta ni mvua ya matusi kutoka kwa watu ambao, tukumbuke, walikuwa hawajaicheza gemu hata dakika moja. Ilikuwa bado siku tatu. Walikuwa wanatetea fedha waliyokwisha kulipa.

Mwingine, wa jarida la Game Informer, aliandika siku ile ile kwamba akiwa anacheza alipatwa na kifafa. Ndani ya gemu kuna kifaa mhusika anavaa kichwani kutazama kumbukumbu za watu, na kabla hakijawaka kinamulika taa nyekundu na nyeupe kwa kasi machoni pa mchezaji, kwa mpangilio unaofanana na ule wa vifaa vya hospitali vinavyotumika makusudi kuamsha degedege kwa uchunguzi. Alieleza mahali pa kuangalia pembeni, sauti ya kuzima, saa ya kumwachia mtu mwingine padi. Kwa maoni yangu yale ndiyo maandishi yenye faida kuliko yote ya wiki ile, na hayakuwa na alama wala nyota. Kampuni iliongeza onyo na baadaye ikabadilisha taa zile. Nao wakatokea watu wakaanza kumtumia mwandishi huyo video za kumulikamulika, wakitaka apate kifafa tena. Hili silichambui, naliweka tu hapa.

Kwenye makundi ya wachezaji huwa nasikia kwamba dawa ya wahakiki ni maoni ya wachezaji wenyewe. Wangekuwa na hoja, isipokuwa mwaka huo huo, Juni 2020, ilitoka The Last of Us Part II, gemu ya zaidi ya saa 20, na ndani ya saa chache tu za siku ya kwanza maelfu walikuwa wameshaipiga sifuri Metacritic. Hasira ilikuwa ya hadithi iliyovuja, wengi hawakuwa wameifikia hata sura ya pili. Metacritic wakabadili utaratibu, mtumiaji wa kawaida asubiri saa 36 tangu gemu itoke. Kwa hiyo upande mmoja una watu waliocheza mashine ambayo si yako, upande wa pili una watu ambao hawajacheza kabisa.

Namba inayolipa mishahara

Kuna sababu nyingine ya kampuni kuilinda ile wastani, nayo ni pesa. Schreier aliripoti, siku moja baada ya gemu kutoka, kwamba bonasi za watengenezaji zilikuwa zimefungwa kwenye masharti, mojawapo likiwa gemu kufikisha angalau 90 Metacritic. Baada ya kilichotokea, bodi iliondoa sharti hilo na kuahidi kulipa. Si jambo jipya. Fallout: New Vegas ya 2010 ilipata 84, na studio ya Obsidian ikakosa bonasi kwa sababu mkataba ulitaka 85. Alama moja. Sasa hebu jiweke kwenye kiti cha meneja mwenye matoleo mawili mkononi, moja la 90 na lingine ambalo anajua litachafua jina. Atampa mhakiki lipi?

Baada ya wiki, alama za konsoli zilipoingia, Metacritic iliweka ya PS4 kwenye 57 na ya Xbox One 61. Ya kompyuta ilitulia 86. OpenCritic, wanaofanya kazi inayofanana na hiyo, waliweka onyo kwenye ukurasa wa gemu hiyo kuhusu hali ya toleo la konsoli na namna lilivyofichwa. Ni hatua ya maana, ila ilikuja watu wameshalipa.

Pesa irudi wapi

Tarehe 14 Desemba kampuni iliomba radhi, ikakiri kwamba ilipaswa kuonyesha gemu kwenye konsoli za kawaida kabla ya kuiuza, na ikawaambia wasioridhika wadai pesa. Kwenye mazungumzo na wawekezaji Adam Kiciński alikiri kwamba baada ya kuahirisha mara tatu bodi ilikuwa imekazania kutoa gemu, ikazipuuza dalili kwamba konsoli za zamani zinahitaji muda zaidi. Yule yule wa "vizuri kwa kiwango cha kushangaza".

Watu wakaenda kwa Sony kudai. Sony kwa kawaida hawarudishi pesa ya gemu uliyokwisha kuipakua, wala hawakuwa wamekubaliana lolote na Wapolandi hao. Siku nne baadaye Sony waliiondoa kabisa kwenye PlayStation Store na kutangaza kumrudishia kila aliyeinunua pale. Sikumbuki gemu nyingine ya ukubwa ule kufanyiwa hivyo. Ilirudi dukani 21 Juni 2021, miezi sita baadaye, ikiwa na tahadhari kwa wenye PS4 ya kawaida. Marekani wanahisa walishitaki, kesi ikaisha kwa makubaliano ya dola milioni 1.85. Pamoja na yote hayo, hadi 20 Desemba zilikuwa zimeuzwa nakala zaidi ya milioni 13, zilizorudishwa zikiwa zimeshatolewa.

Sisi je? PlayStation Store haina tawi rasmi la Tanzania wala Kenya. Mwenye PS4 Dar es Salaam au Mombasa anafungua akaunti ya Marekani au Uingereza, ananunua kadi ya zawadi kwa mtu, anakwangua namba, anajaza salio. Aliyeinunua kwa njia hiyo angalau pesa yake ilirudi kama salio. Aliyenunua diski alibaki na muuzaji wake. Nilimsindikiza mpwa wangu dukani. Kijana wa pale alikuwa mwungwana, hakutufukuza. "Kaka, mimi mwenyewe nimeletewa mzigo. Kasha limefunguliwa, nitamuuzia nani?" Akatupa ofa ya kubadilishana na FIFA iliyotumika, tuongeze elfu thelathini. Tukakataa. Nikamrudishia mpwa nusu ya pesa yake mwenyewe, kama faini ya mdomo wangu.

Nani alifufuka

Miaka iliyofuata simulizi iligeuka. Viraka vya kurekebisha makosa vikaja kimoja baada ya kingine. Februari 2022 ilitoka 1.5, pamoja na toleo lililojengwa kwa ajili ya PS5. Septemba 2022 katuni ya Edgerunners, iliyotokana na gemu hii, ikarudisha watu kwa mamia ya maelfu. Mwisho wa mwaka huo wachezaji wa Steam, duka la mtandaoni la gemu za kompyuta, wakaipigia kura ya tuzo ya gemu inayotunzwa kwa upendo. Tarehe 21 Septemba 2023 ikaja 2.0, iliyobomoa na kujenga upya polisi, ujuzi wa mhusika na mapigano ya magari. Siku tano baadaye nyongeza ya Phantom Liberty, iliyosifiwa kila kona. Sasa hivi ukisoma orodha za gemu zilizofufuka, hii haikosi. Wapo wanaosema wahakiki wa 2020 walikuwa sahihi, waliona gemu iliyokuwa imefichwa chini ya makosa. Nami nimeicheza hiyo 2.0 kwenye kompyuta ya rafiki. Ni nzuri mno. Ile tisa naielewa sasa.

Ila 2.0 haikutolewa kwa PS4 wala Xbox One. Phantom Liberty pia haikutolewa. Masasisho makubwa kwa konsoli hizo yaliishia Septemba 2022 na toleo la 1.6. Walioumia kuliko wote siku ya kwanza ndio waliofungiwa mlango siku ya sherehe, na uhakiki wa mwaka 2023 unaosimulia ufufuo huo unalitaja jambo hilo, ukibahatika, kwenye kisanduku kidogo pembeni.

Mpwa wangu anazo bado zile diski mbili. Mwenye diski ya PS4 akiitia kwenye PS5 yenye mlango wa diski anapewa toleo la PS5 bila malipo, na hilo linapata 2.0. Nimemwambia asiziuze. "Sawa anko," akajibu. "Na hiyo PS5 wameipa ngapi?"